Viatu Chini ya Benchi

Kituo cha darajani, 3 Juni

Shikamoo Dada,

Tumefika, na miguu bado ni ya kwetu. Najua roho yako haitatulia mpaka upate barua, kwa hiyo naandika kabla sijaoga. Barua za mahujaji anazibeba dereva wa lori la maji, anayepita vituo vyote kwenda na kurudi. Simu tumeziacha kabatini kama Baba alivyotaka kwenye nadhiri yake, na hadi sasa sijafa.

Wakikuuliza huko mtaani mbona watu wawili wameondoka na baiskeli moja, waeleze hivi. Njia ya hija imegawanyika. Barabara inazunguka vilima, hiyo ni ya baiskeli. Njia ya miguu inakata mashambani, baiskeli haipiti. Jioni zote mbili zinakutana kituoni. Siku moja Baba anachukua baiskeli na mizigo, mimi natembea. Siku ya pili tunabadilishana. Mchana kutwa hatuonani, na nadhani hilo ndilo linalotufanya tupatane.

Jambo moja limenichekesha. Siku ya zamu yake ya baiskeli, Baba alifika nyuma yangu. Nimekata mashamba kwa miguu, nimefua soksi, zimeanza kukauka, ndipo mzee anaingia getini na baiskeli mkononi. Nikamuuliza kama alipata pancha. "Barabara ilikuwa nzuri tu," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Baiskeli ya Mama haina neno. Kengele yake ukiipiga bado watu wanageuka kana kwamba kuna mtu anakaribia kujifungua.

Wako,
Kitinda


Dukani, 7 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hilo limekuchekesha wewe, mimi halikunichekesha hata kidogo. Baiskeli inapitwaje na mtu wa miguu? Baba alijifunza baiskeli utotoni, na mgongo wake ni mzima kuliko wangu mimi ninayeinama kwenye viatu vya watu tangu asubuhi.

Sasa kaa chini nikwambie. Yule mama anayetuuzia ngozi, Mama Ngozi, amefunga duka lake wiki ileile mliyoondoka. Hakuaga. Jirani yake anasema kaenda "kwa ndugu", ukimbana ni ndugu gani anaanza kufagia. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba tangu msiba amekuwa akileta ngozi mwenyewe badala ya kutuma mtu, na akifika anataka kujua mzee amekula nini. Mume wake alipofariki hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Simsingizii mtu. Lakini Baba alikazania safari hii ifanyike sasa, tukamsihi asubiri Mama atimize mwaka kaburini, akakataa. Alikazania mmoja apite barabara na mwingine njia ya miguu, mchana asionwe na mtu wa nyumbani. Na simu ziachwe. Yaani kila kitu kimepangwa, bado wewe unanisifia kengele.

Mfungulie macho mzee huyo. Angalia anafika na nini, na nani kamwona njiani. Nyumba hii Mama aliijenga kwa kuzalisha wake za watu usiku na mchana kwa baiskeli hiyohiyo. Sitakaa niitazame ikipata mwenyewe mwingine hata udongo wa kaburi haujatulia.

Dada yako


Kituo cha kisimani, 12 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejificha chooni, na nilikukasirikia. Nikasema mtu akikaa sana na gundi ya viatu kichwa kinachoka. Ila tangu siku hiyo nimeanza kuangalia, na sasa naikasirikia nafsi yangu, maana nayaona.

La kwanza ni siti. Asubuhi ya zamu yangu, nikiichukua baiskeli baada ya Baba kuiendesha, siti iko chini kabisa. Si chini kidogo. Magoti yanagonga usukani. Baba ni mrefu kuliko mimi, akikaa hapo ataonekana kama mtu anayekojoa. Mwanzoni nilidhani inateleza yenyewe, nikaikaza kwa spana mpaka mkono ukauma. Baada ya zamu yake nikaikuta tena chini. Mtu anaishusha, Dada, na huyo anayeikalia ni mfupi.

La pili, kuna vijana wanaopita barabara ile kwa baiskeli za mbio, tunakutana nao vituoni. Mmoja akanitania mbele ya watu kwamba mzee wetu ni tajiri, kila kibanda anachokaa anaagiza chai mbili. Nikamuuliza ya pili ni ya nani. Akasema wao wanapita mbio, hawakuona. Baba alikuwa karibu. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

La tatu sitaki kuliandika. Kwenye keria, katikati ya mizigo, nimeona ncha ya mtandio wa Mama, ule wa bluu. Una vumbi la barabarani. Mtandio uliokaa ndani ya begi haupati vumbi.

Sijamuuliza. Kila nikifungua mdomo ananiuliza miguu yangu inaendeleaje, na anauliza kwa dhati, najiona mchawi. Nakutumia viatu vyake pamoja na ujumbe wake, vimekwisha soli.

Kitinda


12 Juni

Mwanangu,

Hamjambo huko. Sisi wazima. Viatu vyangu hivi vitie soli mpya, uvirudishe na lori hilohilo, kwa sasa navaa ndala. Ngozi ya soli iko rafu ya juu. Chini ya benchi langu usihangaike, hakuna kitu cha kazi.

Usifunge duka kwa kuchelewa sana, na ule.

Baba yako


Dukani, 16 Juni

Mdogo wangu,

Soma hii, kisha uichane.

Nimevipokea viatu vya Baba na nimevikagua kama nilivyofundishwa na yeye mwenyewe. Mtu anayepanda siku moja na kutembea siku moja soli zake hazimaliziki hivi. Visigino vimelika mpaka kwenye mbao, na cha kulia kimelika upande wa nje, kama mtu anayetembea ameegemea kitu, au ameegemewa. Huyo mzee hapandi baiskeli kabisa. Siku ya barabara wanatembea wawili, pole pole, wakipiga soga, na bibi akichoka anapandishwa. Ndiyo maana siti iko chini.

Rafu ya juu ngozi ilikuwepo, sikatai. Lakini mtu akikuambia usihangaike chini ya benchi, utafanya nini? Nilihangaika. Nyuma ya kopo la misumari kulikuwa na boksi, na ndani yake viatu vya kike. Vipya, Kitinda. Ngozi laini ambayo hatujawahi kuitumia kwa mteja, mshono wa mkono, ule mshono wake mzuri ambao tangu macho yapungue anatuambia hawezi tena. Kumbe anaweza akimpata wa kumshonea. Soli safi, havijakanyaga chini.

Nilijipa moyo. Nikasema labda ni vya Mama. Nikaishusha ile kalibu ya mti ya mguu wa Mama, aliyomchongea wakati wa uchumba, ambayo viatu vyake vyote vimeshonewa juu yake. Nikaiingiza. Urefu unakaribiana, lakini ndani inacheza, upana ni wa mtu mwingine kabisa. Mguu wa Mama ulikuwa mwembamba. Mguu wa Mama Ngozi unaujua, unakaa kama andazi.

Sikulia. Nilichukua kisu cha ngozi nikakipasua cha kushoto kutoka mdomoni hadi kwenye kidole. Nilikuwa naelekea cha kulia mteja akaingia, nikamtengenezea zipu ya buti, na nilipomaliza mkono ulikuwa hautaki tena. Nimevirudisha kwenye boksi. Sijutii, nakwambia ili ujue hali ilivyo.

Baba nimemwandikia barua yake. Humo sikutaja kisu. Viatu vyake nimevitia soli, maana mimi si kama wao.

Dada yako


Dukani, 16 Juni

Shikamoo Baba,

Viatu vyako hivi hapa. Nimeweka soli mbili, maana naona mnatembea sana.

Baba, mimi ni mtu mzima, tusizungukane. Najua kuhusu chai mbili. Najua kuhusu siti. Mtandio wa Mama umetolewa kabatini bila sisi kuulizwa na una vumbi la barabara. Viatu vya chini ya benchi nimeviona. Muuza ngozi hayupo mjini na hakuna anayejua aliko, isipokuwa labda wewe.

Sikukatazi kuoa. Nakuuliza tu kwa nini iwe kwenye safari uliyomwahidi Mama, juu ya baiskeli ya Mama. Ukirudi naye, mlango utaukuta wazi, lakini mimi hutanikuta. Nitahamishia cherehani yangu kwingine, na vitu vya Mama nitaondoka navyo.

Binti yako


Kituo cha mapangoni, 18 Juni

Dada,

Sijui barua hii itapishana wapi na yako. Naomba ikukute hujafanya lolote.

Leo ilikuwa zamu ya Baba ya baiskeli. Nikamuaga, nikaanza njia ya miguu, nikajibanza nyuma ya ukuta wa zizi mpaka akapita, kisha nikaingia barabarani nikamfuata. Nilijisikia mwizi. Barabara ile ina kona nyingi, ilikuwa rahisi.

Hakupanda. Tangu getini alikuwa anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya siti. Alipopita kona ya kwanza alisimama, akatoa spana mfukoni, akaishusha siti. Akatoa mtandio, akautandika juu ya siti, akaufunga fundo kwa chini. Kisha akaendelea.

Nikasema sasa huyo mtu atatokea. Nilisubiri kila kona atokee. Niliposikia anaongea nikakimbia ili nimwone, nikakuta barabara tupu na Baba na baiskeli. Kwenye kokoto alikuwa anasema, "Shika vizuri hapa, mama watoto, kuna mawe." Kwenye mteremko alibana breki zote mbili na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote, kama vile juu pamekaa mtu ambaye hatakiwi kuanguka.

Kibandani aliagiza chai mbili. Moja akaiweka upande wa baiskeli. Akamweleza habari za shamba fulani la alizeti tulilolipita, akaeleza na jinsi wewe unavyochelewa kufunga duka. Chai ilipopoa akainywa na ile ya pili, maana Baba hawezi kumwaga chai.

Nilikaa nyuma ya matofali nikalia mpaka kamasi. Dada, hakuna mtu mfupi. Ni Mama, siti ile ni ya kimo chake. Anampeleka.

Sikujitokeza. Nimekimbilia njia ya miguu nikafika hoi, na yeye alipoingia akaniuliza miguu inaendeleaje.

Kitinda


Kituo cha mapangoni, 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Soli ni nzuri, umeweka misumari michache kuliko mimi na imeshika zaidi.

Barua yako imeniumiza, lakini kosa si lako peke yako. Mtu akificha kitu hachagui watu watadhani nini. Nilificha kwa sababu niliwajua. Ningesema nataka kumpeleka mama yenu kwa baiskeli, mngesema mzee ameshikwa na msiba kichwani, mngeniitia daktari, na safari ingekufa. Kwa hiyo nikaitafuta barabara ambayo nitakuwa peke yangu siku moja na kupumzika siku moja. Nadhani mdogo wako ameshanifuma. Jana alifika na vumbi la barabarani, na tangu hapo ananimiminia chai bila kuniangalia usoni.

Mama yenu na mimi tulipanga njia hii kabla hajalala kitandani moja kwa moja. Aliniambia, magoti yangu hayafiki, nitapanda, wewe utatembea, na ukichoka usiniambie. Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Na mimi nilichoka siku ya kwanza tu, sikumwambia.

Habari za Mama Ngozi sizijui. Ukimwona msalimie, na umwombe radhi kwa yale uliyoyawaza, hata kama hukuyasema. Kama uliyasema, umwombe mara mbili.

Sasa viatu. Vile ni vya mama yako. Alinituma nimshonee vya safari akiwa kitandani, ugonjwa umeshampandia miguuni, na ukitaka kujua ni kwa nini sikutumia kalibu yake ya zamani, ni kwa sababu isingesaidia kitu. Miguu ilikuwa imevimba, nilimpima kwa kamba. Nilishona alfajiri kabla hujafika dukani, maana ulikuwa umekataa katakata habari ya safari, na mama yako mwenyewe alisema tusikuudhi, wewe ndiye uliyekuwa unabeba kazi yote. Nilipomaliza nikampelekea. Alivivaa mara moja, kitandani, juu ya shuka. Akasogeza vidole, akasema havimbani. Alivaa hivyo mpaka wewe uliposikika getini, tukavivua haraka kama watoto.

Niliviacha nyuma kwa sababu siku ya kuondoka nilijaribu kuvitia begini nikashindwa kuvigusa. Sasa naweza. Pale mwisho wa njia kuna ukuta ambao mahujaji wanaacha kitu walichokuja nacho. Naomba unitumie boksi lile kwa lori. Funga vizuri visipate maji. Nataka nimvalishe, nivifunge kwenye pedali sehemu ya mwisho, halafu nivipumzishe pale.

Cherehani yako usiihamishe. Utaumia mgongo.

Baba yako


Dukani, 25 Juni

Shikamoo Baba,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nashona.

Mama Ngozi amerudi juzi na jicho moja limefungwa bandeji. Alikwenda kupasuliwa, hakutaka mtu ajue kwa sababu anaogopa wateja watasema haoni ubora wa ngozi. Nilikuwa nimeyasema, Baba, kwa jirani yake na kwa wengine wawili. Nimemwomba radhi mara mbili. Ya kwanza alicheka. Ya pili aliniuliza kwa nini nasisitiza, ikabidi nimweleze yote, hapo hakucheka, akaingia ndani akaleta uzi wa nta akasema huu ndio utakaofaa. Hakutaka nimlipe.

Alijua unafaa kwa kazi gani, maana viatu nilikuwa navyo mkononi. Kitinda anajua, sasa na wewe ujue. Siku ile nilipovikuta nilikipasua cha kushoto kwa kisu, kutoka mdomoni hadi kwenye kidole. Nilipima kwanza. Hilo ndilo linalonimaliza. Niliishusha kalibu ya mti, nikaiingiza ndani, ikacheza, nikasema huyu si Mama. Miguu ile nilikuwa naikanda kila jioni kwa mikono hii, kwa mafuta ya vuguvugu, naiona ilivyovimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Halafu nikaenda kuuliza mti.

Ningeweza kushona kipya, vipimo ninavyo, na ngozi ileile Mama Ngozi angenitafutia. Nilianza hata kukata. Nikaacha, kwa sababu hicho kipya hakingekuwa alichokivaa. Kwa hiyo nimekifunga hichohicho. Nimetumia uzi mweusi kwenye ngozi ya kahawia. Wa kahawia ungejificha, na sikutaka ujifiche.

Boksi situmi. Nalileta. Dereva amekubali kunipakia mbele hadi kituo cha mwisho kabla ya ukuta, duka nimelifunga, na kwenye mlango nimeandika kwamba fundi yuko safarini na wazee wake. Niwakute hapo. Kitinda ameniandikia kwamba zamu yake iliyopita naye hakupanda, aliisukuma baiskeli na siti akaiacha chini. Niachieni na mimi zamu. Nikichoka sitasema.

Kuna jambo moja nakuomba kabla sijafika. Mshono umekula ngozi kidogo, siwezi kulikwepa hilo, nimejaribu kwa maji na kwa kunyoosha. Wewe ndiye unayeongea naye njiani. Mwambie cha kushoto sasa kitambana kidogo, na mwambie ni mimi.

Binti yenu